Mtuombee tusipike matokeo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nichangie makala ya safu ya imani iliyouliza kama shahada za juu zinawapoza vijana wa Kikristo. Mwandishi alijibu kwamba ndiyo, na lawama akazitupia nadharia tunazofundishwa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, fani yangu ni jenetiki ya mimea, na ni mama wa maombi kwa kiasi cha kawaida, yaani siku nyingine naomba vizuri na siku nyingine nasinzia kabla ya amina. Kwa maoni yangu, mwandishi amelinda mlango ambao mwizi hapiti.

Maabarani hakuna anayeniuliza kama Mungu yupo. Wenzangu hawana muda huo. Kila mtu ana sinia zake za miche na tarehe ya kuwasilisha inayomkimbiza. Msimamizi wangu si mtu wa dini, lakini anajua kwamba Jumapili sionekani, na ameshazoea. Maswali ya asili ya viumbe nimeyasoma, nimeyajadili na mchungaji wangu kwa kirefu, na kiti changu kanisani bado nakikalia.

Jaribu lenyewe liko kwenye kuhesabu. Unachavusha mimea ya aina mbili, unapanda mbegu za kizazi cha pili, kisha unapita sinia kwa sinia ukiandika mche upi umeugua na upi umestahimili. Mingi inajieleza yenyewe. Lakini haikosi mche uliosimama njia panda: jani lina doa, ila dogo sana. Ni ugonjwa huo, au ni maji tu yamelichubua? Anayeamua ni mimi, hakuna mwingine anayetazama, na najua fika ni jibu lipi litakalonyoosha jedwali langu. Mche mmoja hauna madhara. Ikijikusanya ya namna hiyo, yote ikaegemezwa upande ule ule, hapo umepika tasnifu nzima na hujatamka neno moja la uongo.

Fani yetu ina kisa chake kuhusu jambo hili, na kinamhusu mtu wa kanisa. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, alipanda njegere kwa miaka na mwaka 1866 akachapisha alichokiona. Katika jaribio moja alihesabu mbegu laini 5,474 na zenye mikunjo 1,850, karibu kabisa na tatu kwa moja, uwiano unaotarajiwa kwa kanuni zake za urithi wa sifa. Mwaka 1936 mwanatakwimu Mwingereza, Ronald Fisher, alizipitia hesabu za mtawa huyo akasema zinakaribiana mno na kilichotarajiwa. Bahati haigawi namba safi kiasi kile. Fisher naye alikuwa Mkristo, Mwanglikana, na hakumwita Mendel mwongo. Alidhani huenda msaidizi aliyejua bwana wake anasubiri nini ndiye aliyezinyoosha. Wataalamu wamebishana juu ya hilo tangu hapo, na wapo wanaomtetea Mendel kwa hoja nzito. Kanuni zake zenyewe zimesimama. Mimi simhukumu. Lakini nikikumbuka kwamba hesabu za mtawa wa bustanini zilizua maswali kama hayo, sijidanganyi kwamba msalaba wangu shingoni utanihesabia miche.

Fisher huyo huyo ndiye aliyekieneza kile kipimo cha 0.05, yaani uwezekano wa bahati tupu kuleta matokeo kama yako usizidi tano kwa mia, ambacho kimekuwa kama lango la kuchapishiwa makala. Upate 0.06 usiku wa kuamkia kikao na msimamizi, ndipo utajua akili yako ni wakili wa aina gani. Itakwambia uiondoe ile sinia ya karibu na dirisha, ilipigwa jua sana. Itakwambia ujaribu njia nyingine ya kukokotoa, halafu nyingine. Na kibaya ni kwamba kila hoja ina ukweli kidogo ndani yake, kwa sababu ile sinia kweli ilipigwa jua. Ndiyo maana sababu za kuondoa sinia naziandika daftarini kabla sijaziona namba, kwa wino, na tarehe pembeni. Na nikisahihisha, nakata kwa mstari mmoja tu ili namba ya kwanza iendelee kusomeka. Utaratibu huu haukutungwa na kanisa, ni wa maabara, lakini umenilea kiroho kuliko semina kadhaa nilizolipia kiingilio.

Kazi hii imebadilisha hata namna ninavyoomba. Kuna mama mmoja wa ushirika wetu anayenipenda sana, huniambia, “Mwanangu, tutaomba mpaka namba zikubali.” Namwitikia, “Amina, Mama,” kwa sababu upendo wake ni wa kweli. Nikiwa peke yangu sithubutu kuomba hivyo. Ile mbegu ilichavushwa miezi iliyopita, ilichobeba imeshabeba. Nikimwomba Mungu anipe jibu ninalolitaka, ninamwomba anizibe macho nisione alichokifanya. Kwenye milango ya maabara ya zamani ya fizikia ya Cavendish, Cambridge, Uingereza, iliyofunguliwa miaka ya 1870 chini ya mwanafizikia James Clerk Maxwell, kulichongwa kwa Kilatini Zaburi 111:2, “Matendo ya BWANA ni makuu, yafikiriwe sana na wapendezwao nayo.” Hilo ndilo ombi langu kabla ya kufungua faili: nipendezwe nayo jinsi yalivyo, hata yakinigharimu mwaka mwingine.

Na mwaka mwingine ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kanisani swali ni moja tu: “Unamaliza lini?” Nafasi ya ushuhuda hupewa aliyemaliza. Anapanda madhabahuni, vigelegele, jina la Bwana linatukuzwa, nami napiga makofi kwa moyo wote. Lakini sijawahi kusikia mtu akipewa kipaza sauti aseme, “Wapendwa, jaribio langu limeanguka, na nimeliandika hivyo hivyo lilivyoanguka.” Mendel mwenyewe alianguka mtihani wa leseni ya ualimu mwaka 1850. Akafa 1884, na ulimwengu wa sayansi ukaja kuitambua kazi yake mwaka 1900. Kwa ratiba zetu za ibada, mtu huyo asingepata Jumapili hata moja ya kushuhudia.

Wachungaji wanapotuombea wanafunzi, hutusomea Danieli sura ya kwanza, pale vijana wale wanne walipoonekana bora mara kumi kuliko waganga na wachawi wote. Ni andiko tamu, na wazazi hulipenda. Ningeshukuru tukisomewa pia sura ya sita, ule mstari wa nne unaorukwa kwa haraka ya kufika kwenye simba. Wakubwa wenzake Danieli walipekua kazi yake ya serikali wakitafuta pa kumshikia, wakakosa, kwa sababu alikuwa mwaminifu. Hao hawakuwa wakipekua maombi yake. Walipekua kazi, na ni baada ya kuikosa dosari huko ndipo walipoigeukia dini yake. Mchungaji akiniuliza baada ya ibada, “Daftari lako likipekuliwa leo litasemaje?”, nitajua ameelewa ninaishi wapi siku sita za juma.

Kwenu, Mhariri, nina ombi moja. Safu ile ya imani huandikwa na wachungaji, na mara nyingine na wasomi waliokwishavaa joho. Mpeni nafasi siku moja mwanafunzi aliye katikati ya utafiti, ambaye hajui bado kama nadharia yake itasimama. Nami niko tayari, ila makala yenu isubiri kidogo. Wiki hii nina sinia za kuhesabu.

Mwanafunzi wa uzamivu,
(Jina limehifadhiwa)