Kabla ya kuikataa baiskeli ya kukunja mlimani, hesabuni meno yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu baiskeli za kukunja nimeisoma yote, na kwa sehemu kubwa sina ugomvi nayo. Kilichonikalisha kuandika ni aya ya mwisho, pale mwandishi anapotuambia kuwa vibaiskeli hivi ni vya kutoka stesheni hadi ofisini, na kwamba mtu mwenye hema na nia ya kupanda milima atafute baiskeli kubwa. Amelisema hilo kana kwamba halihitaji maelezo, na kweli hakutoa hata moja.

Mimi ni fundi wa breki za malori, sasa nimestaafu. Baiskeli yangu hukunjwa katikati, ina magurudumu ya inchi 20, na tukisafiri huwa nimeifunga hema, begi la kulalia, jiko dogo na nguo za baridi. Mke wangu anaendesha baiskeli kubwa, ile ya inchi 28. Tunapita barabara moja na kulala hema moja. Anafika juu kabla yangu karibu kila mara, lakini magurudumu msiyatie lawamani: alikuwa ananipita hata tulipokuwa tunatembea kwa miguu.

Mlima hauulizi ukubwa wa gurudumu. Unachopandisha ni uzito. Mtu, baiskeli na mizigo vikifika kilo 100, na barabara ikiwa na mwinuko wa asilimia 8, mtu wa kawaida anayeweza kutoa wati 120 kwa saa kadhaa atakwenda kama kilomita 5 kwa saa. Ni mwendo wa mguu, basi. Mpe gurudumu la inchi 16 au la inchi 28, kasi itakuwa karibu ile ile. Kinachobadilika ni mara ngapi miguu yake itazunguka kwa dakika moja, na hilo linaamuliwa na gia.

Hapo ndipo viwanda vinapotuangusha. Baiskeli nyingi za kukunja hutoka kiwandani zimepangiwa barabara tambarare. Tuseme gia ya mbele ina meno 52 na ile kubwa kabisa ya nyuma ina meno 28. Gurudumu la inchi 20 lina mzingo wa mita moja na nusu hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 2.8. Kwa kilomita 5 kwa saa utanyonga mara 30 tu kwa dakika, na kila msukumo unautoa gotini. Hakuna goti litakalovumilia hayo mchana kutwa. Sasa badilisha: mbele meno 38, nyuma meno 36. Mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.6, na miguu inazunguka zaidi ya mara 50 kwa dakika kwa kasi ile ile. Mlima umebaki pale pale, mpandaji ni yule yule, ila sasa anaweza hata kuzungumza.

Tena gurudumu dogo lina faida hapa ambayo sijaona watu wakiitaja. Baiskeli ya mke wangu ikifungwa meno hayo hayo, 38 kwa 36, itasogea zaidi ya mita 2.2 kwa mzunguko. Yaani udogo wa gurudumu wenyewe ni gia nyepesi uliyopewa bure, na kiwanda kinakunyang'anya kwa kufunga gia kubwa ya mbele ili uende kasi mjini. Hata baiskeli ya kukunja ya Brompton, yenye magurudumu ya inchi 16 na inayojulikana zaidi kwa watu wa ofisini, huweza kufungwa gia ya mbele ya meno 44 badala ya 50, na kwa badiliko hilo moja gia zote zinakuwa nyepesi kwa asilimia 12. Kwa mlima mrefu wenye mizigo bado haitoshi, lakini goti litaona tofauti.

Kupanda kumekwisha. Suala zito ni kushuka, na makala yenu haikugusa breki hata kwa sentensi moja. Mtu asiyeweza kupanda ataondoka kwenye tandiko na kusukuma baiskeli yake, aibu itaisha. Asiyeweza kusimama ana habari nyingine.

Madereva wa malori wana kanuni yao: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Injini inalishika gari, ngoma za breki zinapumzika. Baiskeli haina kitu cha namna hiyo. Friwili, ile sehemu ya nyuma inayoruhusu gurudumu kuzunguka bila pedali, inaachia, miguu imetulia, na nguvu yote uliyoitumia kupanda inarudi ikitaka pa kwenda. Sehemu yake inachukuliwa na upepo, na iliyobaki inageuka joto kwenye breki. Kilo 100 zikishuka mita 1,000 kwenda chini, nguvu iliyomo inatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji ya kawaida. Ukishuka polepole sana, upepo hauchukui kitu, na karibu joto lote hilo linabaki kwenye breki zako.

Kama breki ni za raba zinazobana ringi, basi ringi ndiyo inayopokea joto. Ringi ya inchi 20 ina alumini kidogo kuliko ya inchi 28, na ya inchi 16 ina kidogo zaidi. Joto lile lile kwenye chuma kichache: inapata moto haraka. Kutoka hapo joto linaingia kwenye tairi na tyubu, presha inapanda, gundi ya kiraka cha zamani inalegea, na tairi inaweza kupasuka au kuchomoka kwenye ringi katikati ya kona. Hili si jambo la baiskeli ndogo peke yake, hata kubwa zinapatwa nalo, ila ndogo inafika huko mapema. Mtu akitaka kujua ringi yake imepata moto kiasi gani, asimame na kuidondoshea tone la maji. Likichemka papo hapo, mshuko umesimama kwa dakika kumi. Kidole asikitumie.

Namna ya kubana ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wengi wakiogopa hushika breki kidogo kidogo bila kuachia toka juu mpaka chini, wakiamini hiyo ndiyo busara. Kwenye lori tuliona matokeo yake, ngoma inabadilika rangi na lainingi zinanuka. Afadhali uache baiskeli itembee kidogo pale barabara iliponyooka na unaona mbele, upepo ukusaidie, kisha ubane kwa nguvu kabla ya kona na kuachia kabisa. Breki zote mbili zitumike, na mwendo uwe ule unaoweza kuumudu. Barabara ya Stelvio kule Italia, ambayo kilele chake kiko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, ina kona 48 za kupinda nyuma upande wa Prato, na inashuka mita 1,800 hivi ndani ya kilomita 24. Mtu anayeshuka hapo anahitaji kupanga mapumziko ya breki kama alivyopanga ya miguu alipokuwa akipanda.

Baiskeli ya kukunja yenye breki za diski huondoa sehemu kubwa ya wasiwasi huu, kwa kuwa joto halikaribii tairi. Na hapa tena udogo unasaidia. Diski ya milimita 160 ni ile ile kwenye baiskeli kubwa na ndogo, lakini kwenye gurudumu dogo umbali kutoka ekseli hadi lami ni mfupi, kwa hiyo kidole kile kile kinasimamisha kwa nguvu zaidi. Mke wangu hapendi nikimkumbusha hili tukiwa mteremkoni.

Mizigo sasa. Kwanza jumla yake. Baiskeli nyingi za kukunja zimewekewa kikomo cha kati ya kilo 105 na 120, mpandaji akiwa ndani ya hesabu. Mtu wa kilo 90 anabakiwa na nafasi ndogo, na namba ile haikuandikwa kwa mapambo: bawaba ya katikati na nguzo ndefu ya usukani ndizo zinazoumia. Mimi hukagua vibano vyote asubuhi kabla ya kuondoka na tena kileleni kabla ya kushuka. Nguzo ya usukani hunepa ukisimama na kuvuta kwa mikono, ndiyo maana ninapanda nimekaa.

Begi la mbele linalofungwa kwenye fremu yenyewe, si kwenye usukani, ni jambo zuri sana, kwa kuwa ukikata kona begi halizunguki na usukani unabaki mwepesi. Vitu vizito huwa naviweka hapo. Keria ya nyuma nayo iko chini, mzigo hauyumbi, lakini ukining'iniza mabegi ya pembeni kisigino kitayagonga kila mzunguko. Funga hema na begi la kulalia juu ya keria kwa upana, ukaachana na mabegi ya pembeni. Vitu visipoenea, punguza vitu.

Nguo za baridi usizipunguze, hata hivyo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto la hewa hushuka kwa nyuzi sita na nusu hivi, na usiku hewa baridi huteremka na kukaa bondeni. Hema langu nalipiga begani mwa mlima, juu kidogo ya sakafu ya bonde, pasipo na mkondo wa maji. Baiskeli inakunjwa na kulala nami mlangoni mwa hema. Ya mke wangu inalala nje, imefungwa mnyororo kwenye mti, na ndiye anayeamka akisikia kitu kinagusa majani.

Nisiwe wakili wa uongo. Barabara ya mawe makubwa haiifai baiskeli hii. Gurudumu dogo linazama kwenye shimo ambalo kubwa lingelivuka, na unatikisika mpaka meno. Tairi pana la milimita 50 linapunguza adha hiyo, haliiondoi. Tairi pia zinaisha haraka kwa kuwa zinazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Na kuna mtego wa saizi: tairi mbili zote huuzwa kama inchi 20, moja ni 406 na nyingine 451 (ni kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa kwenye ringi), na moja haiingii kwenye ringi ya mwenzake. Inchi 16 vivyo hivyo, kuna 349 na 305. Mnunuzi aangalie namba hiyo ya tarakimu tatu ubavuni mwa tairi. Mwenye 406 ana bahati, maana ndiyo saizi ya BMX, zile baiskeli ndogo za michezo, na ya baiskeli nyingi za watoto, na tyubu zake hupatikana hata mahali padogo.

Sasa nije kwenye sababu yenyewe ya kuwa na baiskeli inayokunjwa mlimani, ambayo mwandishi wenu ameiona stesheni na kuisahau mara moja. Mlima una tabia ya kubadilika hewa. Mvua ya mawe inakuja, goti linakataa, handaki lenye malori linatokea mbele yenu na halina njia ya pembeni. Mwenye baiskeli ya kukunja anaikunja, anaitia kwenye gunia, anasimamisha basi. Anaweza pia kupanga safari ya upande mmoja, apande kwa miguu yake na asilazimike kurudi alikotoka. Ramani inakuwa kubwa zaidi, na mtu anathubutu kujaribu njia ambayo vinginevyo angeihofia.

Ila hilo linategemea kondakta. Tuliwahi kusimamisha basi kwenye mvua, mimi nikiwa tayari na gunia langu. Kondakta akauliza ndani kuna nini, nikamjibu ukweli, akasema baiskeli haziruhusiwi. Nyuma yangu abiria alikuwa anapakia sanduku kubwa kuliko gunia langu, na hakuna aliyelipima. Basi likaondoka. (Na hata ningekubaliwa, mke wangu na baiskeli yake kubwa tungemwacha wapi? Tulisubiri wote wawili kwenye kibanda cha barabarani mpaka mvua ikapungua.) Baiskeli ya inchi 20 ikikunjwa haizidi sana sentimita 80 kwa 65 kwa 40. Wenye mabasi na treni waandike vipimo kwenye masharti yao, na kila kifurushi kinachoingia ndani ya vipimo hivyo kipite, bila kuulizwa kimebeba nini. Gazeti lenu lina sauti ya kuwafikia. Mimi nina gunia tu.

Na mwandishi wenu akiandika tena kuhusu baiskeli hizi, atuambie gia nyepesi kabisa inasogea mita ngapi kwa mzunguko mmoja, breki zake zinabana ringi au diski, na kikomo cha uzito ni kilo ngapi. Kisha aifunge kilo 15 za mizigo na kuijaribu kwenye mteremko mrefu, asiishie kuipandisha tu.

Fundi breki mstaafu