Majani Mafupi ya Msonobari

Omiya, Saitama, Japani
Novemba

Kwako Shaabani,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila baridi imeshaanza kutuuma.

Umeniuliza kama majani ya ule msonobari wangu pichani, ule wa bonsai, yaani mti unaodumazwa chunguni, nimeyafupisha kwa mkasi au kwa dawa. Si mkasi wala si dawa. Jani la msonobari ukilikata, ncha hugeuka kahawia na mti wote unachukiza. Kinachokatwa ni machipukizi, yale yanayosimama wima kama mishumaa. Msonobari mweusi wa Kijapani ukiyakata yote mwanzoni mwa Julai, unachipua upya, na kwa kuwa joto limebaki miezi michache tu, majani mapya hayawahi kurefuka. Mti mkubwa hukatwa mapema zaidi, Juni. Wangu haufiki sentimita 20, kwa hiyo nausubirisha.

Ila usikate yote siku moja. Msonobari hupeleka nguvu kileleni, matawi ya chini yakabaki manyonge. Naanza na hayo ya chini; ya juu yanangoja siku kumi hivi. Wanyonge wakitangulia, hadi kufikia sasa mti unakuwa umelingana.

Mwezi huu kazi ni ya kibano. Kila nilipokata pameota machipukizi matatu, manne. Nabakiza mawili, la kushoto na la kulia. Kisha nang'oa majani ya zamani, kileleni mengi, chini machache. Tawi usilivue majani yote, litakufa. Msonobari si mwarobaini, uukate ubaki kisiki halafu uchipue!

Halafu ndiyo waya wa shaba wa kulipinda tawi, na hapo ndipo ninapopapenda. Unauzungusha kwenye tawi kwa mshazari, unalishusha polepole huku kidole gumba kimelikinga kwa chini. Likianza kulia, simama hapo hapo. Waya ukishapindwa hukakamaa, kwa hiyo siku ya kuutoa naukata vipande vipande. Kuufungua ni kulichubua gome bure.

Kuhusu mche ulioniagiza, hapana ndugu yangu. Bila kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea utaishia uwanja wa ndege, na mti huu unataka baridi kila mwaka. Hapo Tanga utauua. Hata ile misonobari ya Lushoto majani yake ni marefu mno kwa mti wa kimo cha shubiri. Tafuta mche wa jamii ya mkuyu, unavumilia mkasi na joto. Ukiupata nipigie picha kabla hujaugusa.

Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Hamisi