Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Goma: nyuzi za plastiki zikamatwe kabla maji ya kufulia hayajafika ziwani

Mheshimiwa Meya,

Tunakuandikia sisi mafundi wa mabomba na watu wa usafi wa maji wa hapa Goma, kuhusu uchafu ambao jicho haliuoni ila umo katika maji ya kufulia yanayomwagwa kila siku katika parseli za mji huu. Nguo za poliyesta, akriliki na nailoni ni plastiki iliyosokotwa ikawa uzi. Zikifuliwa zinapukutisha vipande vyenye unene wa mikroni 10 hadi 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na urefu ambao mara nyingi haufiki milimita moja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kinachotoka katika mzigo wa kilo 6 ukifuliwa kwa mashini: akriliki nyuzi karibu 729,000, poliyesta karibu 496,000, na kitambaa cha pamba kilichochanganywa na poliyesta karibu 138,000. Usiku wa Goma ni wa baridi. Masweta ya akriliki, makoti ya pola (kitambaa chenye manyoya laini) na mablanketi mazito ndiyo mavazi na matandiko yetu, na ndiyo yanayopukutisha.

Penye mfereji mkuu wa maji machafu, sehemu kubwa ya nyuzi hizo hunaswa kwenye mtambo wa kusafishia. Goma hatuna mfereji huo wala mtambo, na hakuna hata mto unaokatiza mji. Tumejenga juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, yale ya mlipuko wa Januari 2002 na mengine ya zamani zaidi, yenye nyufa tele. Maji yakimwagwa uani Katindo au Ndosho yanazama kati ya mawe na kushuka kuelekea Ziwa Kivu, na ziwa hilohilo ndilo tunalonywa, kwa bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, na kwa bidoni. Klorini inaua kolera, lakini haishiki uzi wa plastiki. Samaki wadogo wa ziwa, sambaza, nao wanakula viumbe vidogo vya majini ambavyo ukubwa wake unakaribiana na wa nyuzi hizi. Kwa sababu hiyo, mahali pa kuzikamata ni palepale nguo zinapofuliwa. Zikishapita hapo hatuna pengine pa kuzizuia.

Tunaomba jambo moja lisikosewe: amri isianze na mama anayefua kwa mikono kando ya ziwa. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2023 ulilinganisha kitambaa kilekile cha poliyesta tupu. Kilipofuliwa kwa mikono kilitoa wastani wa vipande 1,853, na kwenye mashini 23,723. Waanze basi wenye mashini: hoteli, presingi (biashara za kufua nguo), hospitali, nyumba za wageni, kisha nyumba za watu binafsi. Kusubiri mashini mpya zenye chujio ndani yake hakutatufaa. Ufaransa iliweka katika sheria yake ya Februari 2020 kwamba mashini mpya ziwe na chujio kuanzia 1 Januari 2025, lakini nyingi zinazoingia hapa ni za okazioni, zilizokwisha kutumika, na zitafanya kazi miaka mingi bado. Chujio la nje ndilo linalotufaa, na vifaa vyake karibu vyote vipo mjini.

Chukua pipa la lita 200, lenye kipenyo cha sentimita 57 na urefu wa 88. Chini kabisa laza tiyo ya PVC ya milimita 50 iliyotobolewa matundu ya milimita 5, itokeze nje ya pipa. Ifunike kwa sentimita 15 za mawe ya volkano ya milimita 20 hadi 40, halafu sentimita 8 za kokoto za milimita 5 hadi 10, halafu sentimita 35 za mchanga wa milimita 0.5 hadi 1. Mchanga mzuri ukikosekana, mawe mepesi ya volkano yakipondwa na kuchekechwa yanafanya kazi hiyohiyo, maana yana vishimo vingi na kingo kali zinazonasa uzi. Yanayoelea juu ya maji yatupwe. Yaliyobaki yaoshwe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu vumbi lake jeusi likibaki linashuka na kuziba tiyo ya chini, na hapo inabidi pipa zima litapishwe. Juu ya mchanga tandika kitambaa cha pamba mikunjo miwili, kishikwe pembeni kwa pete ya chuma. Sentimita 8 chini ya mdomo wa pipa toboa tundu la kufurikia, nalo lielekezwe kwenye pipa la pili. Lisielekezwe uani.

Nafasi inayobaki kati ya kitambaa na tundu hilo inabeba lita 56 hivi. Mashini ya kilo 7 inatumia lita 50 hadi 60 kwa mzigo mzima, na inazitoa kwa mafungu, kwa hiyo pipa moja linatosha mashini moja ya nyumbani. Presingi yenye mashini kubwa itahitaji tangi la kupokelea kwanza, kisha mapipa kadhaa yakae sambamba.

Makosa tunayoyaona ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuinua pipa juu ya matofali ili maji yatoke vizuri. Pampu za mashini nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kupandisha maji zaidi ya mita 1 hivi, na mdomo wa pipa wenyewe uko karibu hapo. Pipa likae chini sakafuni. La pili ni kuzamisha ncha ya mpira wa mashini ndani ya maji ya pipa. Pampu ikisimama, maji machafu yanaweza kuvutwa yakarudi kwenye mashini, basi ncha hiyo ikae juu ya tundu la kufurikia. La tatu ni kufunga soksi au mfuko moja kwa moja kwenye mpira bila njia ya kufurikia. Mfuko ukijaa manyoya ya nguo pampu inakwama, na fundi anayeitwa anaukata mfuko ili kazi iendelee.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kwetu hasa. Maji ya Kivu yana magnesi nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana nayo inafanya utando mweupe unaonata, na utando huo unaziba kitambaa haraka kuliko nyuzi zenyewe. Sabuni ya unga inapunguza tatizo hilo. Dalili ya kuziba ni maji kulala juu ya kitambaa usiku kucha. Hapo kitambaa kitolewe, kianikwe kivulini pasipo upepo, na kile kijivu kilichogandamana kama kofia ya sufi kibanduliwe na kufungiwa ndani ya chupa yenye kifuniko. Mchanga wa juu uchotwe sentimita 2 hadi 3, utiwe kwenye mfuko uliofungwa, mwingine mpya uwekwe. Kitambaa kisisuuzwe bombani, maana kila kilichokamatwa kitarudi ardhini. Wala manyoya yasichomwe uani, moshi wake ni sumu kwa watoto.

Kitambaa lazima kiwe pamba kweli, na vitenge vingi sokoni siku hizi ni poliyesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliyesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu cheusi. Gunia la unga nalo limefumwa kwa plastiki, lisitumike.

Anayefua kwa mikono tunamwomba mambo madogo tu. Utafiti uleule wa China ulionyesha kwamba kuloweka kabla ya kufua na kusugua kwenye ubao vinaongeza nyuzi. Basi blanketi la akriliki lisilowekwe usiku kucha, na maji ya kwanza, ambayo ndiyo mazito, yamiminwe polepole kupitia kitambaa cha pamba kilichofungwa juu ya ndoo. Pale watu wanapofulia ufukoni, jiji lingejenga sakafu za saruji zilizo mbali kidogo na maji, zenye mteremko unaoingia kwenye kisima cha mchanga cha aina hii.

Tuseme na kuhusu fosi septiki, yaani shimo la maji machafu ya nyumba. Inanasa sehemu ya nyuzi katika tope lake, lakini tope likifyonzwa na lori na kumwagwa karibu na ziwa, kazi yote imepotea. Jiji liwape wenye malori mahali pa kumwaga palipo mbali na maji, na liangalie wanakwenda wapi.

Amri ya serikali ya 30 Desemba 2017 kuhusu plastiki inagusa mifuko na vifungashio. Maji ya kufulia hayamo. Ndiyo maana tunaomba amri ya jiji: kila biashara yenye mashini ya kufulia iwe na chujio ndani ya miezi 6, na hakuna kibali kipya cha ujenzi wa hoteli au presingi bila mchoro unaoonyesha maji ya kufulia yanapopita. Huko Parry Sound, Kanada, machujio yaliwekwa katika nyumba 97 tu, karibu sehemu moja ya kumi ya nyumba zilizounganishwa na mtambo wa mji, na nyuzi katika maji yanayotoka mtamboni zikapungua kwa 41%.

Ukaguzi si mgumu. Mkaguzi achukue lita 10 za maji yanayotoka chini ya pipa, ayapitishe kwenye karatasi ya kuchujia, kisha aitazame kwa hadubini. Uzi unaotiliwa shaka uguswe kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto: wa plastiki unajikunja au kuyeyuka, wa pamba haufanyi hivyo. Hadubini ya shule ya sekondari inatosha kwa kuanzia, na Chuo Kikuu cha Goma kinaweza kuombwa kufundisha wakaguzi wa komine mbili, Goma na Karisimbi.

Tuko tayari kufunga pipa la kwanza katika jengo lolote la jiji utakalolichagua, kwa vipimo tulivyoandika hapa, bila kudai malipo ya ufundi. Tunachoomba kutoka kwako ni pipa, mchanga, na mtu mmoja wa huduma ya mazingira wa kukaa nasi mwezi mmoja akiandika kila siku maji yanachukua muda gani kushuka.

Mafundi wa mabomba na usafi wa maji, Goma