Katoni saba

Mtwara, Novemba

Swahiba Selemani,

Asalaam aleikum. Huku wazima, mama anaendelea na mguu wake, Zuhura kajifungua wa kiume. Nimekaa kimya tangu Idi, usininunie. Usiku huu nakuandikia kwa ajili ya Dulla, utingo wangu.

Juzi tulipandisha mzigo wa Newala. Msimu unaujua: korosho zinashuka bandarini, sisi tunapanda na bati, sukari na sabuni, na kila mwenye duka anataka mzigo leo leo. Tulipakia saa tano usiku. Makuli wanarusha, karani anahesabu kwa mdomo huku kashika simu, mimi niko tairi la nyuma nakaza nati. Nikaletewa karatasi, nikasaini.

Kushusha Newala asubuhi, ukungu umetanda, sabuni zimepungua katoni saba. Mwenye duka hakugomba. Akaandika upungufu, akagonga muhuri. Tajiri kusikia tu, akasema ni Dulla, kazishusha njiani.

Njiani wapi, Selemani? Tulisimama Nanguruwe kunywa chai, gari liko mbele ya macho yetu. Kule mbele gari linatambaa kwenye michepuko ya ujenzi, ndiyo, lakini utingo alikuwa kakaa ubavuni kwangu. Na turubai lilifika na mafundo yangu yale yale, yale ya jahazini aliyonifundisha marehemu baba. Dulla mpaka leo hayawezi, nimemfundisha nikachoka.

Hela wanikate, saini ni yangu. Ila mtoto wa watu kaambiwa asionekane tena uani. Yuko kwao Chikongola, hatoki ndani, na mama yake kaja kuniuliza mimi kama ni kweli. Mimi ndiye niliyemtoa kwa yule mama.

Unakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Kilwa, tukakwama Somanga? Watu njaa, magari yamejipanga, na sisi tumebeba unga. Dulla alilala juu ya mzigo usiku wote ule. Haukupungua hata mfuko. Mtu wa namna hiyo aje aibe sabuni?

Mimi naona hazikupanda gari kabisa. Wahesabu zilizobaki stoo: zikizidi saba kwenye daftari, maneno yamekwisha. Nimemwambia tajiri, akanijibu dereva hamfundishi karani kazi. Wewe umekaa stoo ile misimu miwili na daftari lake unalijua. Tena tajiri anakuheshimu, mpaka leo anakuita mwalimu. Mpigie. Usimtaje karani kwa ubaya, huenda kakosea tu usiku ule, naye ana watoto. Omba wahesabu, basi.

Ila iwe kabla ya Ijumaa. Ijumaa unaingia mzigo mwingine kutoka Dar, hesabu zitachanganyika na hakuna atakayejua tena.

Bati zako nimeziulizia, bei bado... tutaongea. Shemeji hajambo? Kisima mmemaliza? Yule fundi wa Nachingwea bado anapokea vijana gereji, endapo tajiri atakataa? Na wewe ungekuwa mimi, ungemwambia nini yule mama? Utampigia kesho?

Jumamosi napanda tena Newala, na kiti cha ubavuni sijampa mtu.

Ndugu yako,
Bakari