Mpapase Sungura Wako Mgongo Kabla ya Kuuliza Kilo

"Wangu ana kilo mbili na nusu, yuko sawa?" Wanaofuga sungura kwa mapenzi, siyo kwa kitoweo, hutuuliza hivyo karibu kila wiki hapa dukani kwetu Tabora. Kwa kilo peke yake hatuwezi kujibu. Sungura mweupe wa New Zealand aliyekomaa huwa na kilo 4 hadi 5, kwa hiyo wa aina hiyo mwenye kilo mbili na nusu ama bado ni mtoto ama amekonda vibaya. Netherland Dwarf, ambaye huku kwetu ni nadra, huishia kilo moja hivi, na huyo akifika mbili na nusu maisha yake yako hatarini. Tena wengi mnaotuletea ni chotara: mama alitoka kwa jirani Isevya, baba hajulikani. Hao hawana kipimo kilichoandikwa popote.

Ndiyo maana sisi huanza na mkono. Manyoya hudanganya jicho, hasa ya sungura wa manyoya marefu, na mwenye sungura amemzoea mno kiasi kwamba haoni anavyobadilika kidogo kidogo.

Mweke sungura sakafuni au juu ya meza uliyotandika gunia ili asiteleze. Usimnyanyue kwa masikio hata siku moja. Mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, maana akirusha mateke hewani miguu yake ya nyuma ina nguvu ya kumvunja uti wake mwenyewe. Hili tunalisema kila siku na hatutaacha kulisema.

Akitulia, pitisha vidole juu ya uti wa mgongo kuanzia mabegani hadi kiunoni, bila kukandamiza. Kwa sungura mwenye afya utazihisi pingili moja moja, lakini zimeviringana, kama karanga zilizofungwa ndani ya kanga, na pembeni mwake kuna nyama iliyojaa. Ukikuta pingili zimechongoka na nyama ya pande zote mbili imebonyea, amekonda. Ukilazimika kukandamiza ndipo uzipate, amenenepa. Kisha shika mbavu nyuma ya mikono yake ya mbele: zinatakiwa zipatikane kwa mguso mwepesi. Malizia na nyonga, ambazo zisitokeze mifupa, halafu angalia kwapani na kinenani kama pana mafuta yaliyojikusanya. Wataalamu hutoa alama kuanzia 1, aliyekondeana, hadi 5, aliyenenepa kupita kiasi, na tunayemtaka ni wa 3. Zoezi lote halimalizi dakika mbili.

Jike aliyekomaa asikutie wasiwasi ukiona mkunjo wa ngozi chini ya kidevu. Ni maumbile yake. Unakuwa shida pale tu unapokuwa mkubwa hadi anashindwa kujisafisha, au unalowa kila anapokunywa maji.

Tumbo halisemi ukweli

Tungependa kila mfugaji alijue hili kabla ya jingine lolote. Mtoto wa sungura mwenye tumbo kubwa husifiwa kwamba ameshiba. Mguse mgongo. Mara nyingi unakuta uti umechongoka, mapaja hayana nyama, na tumbo lile ni la koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo na ini, au la minyoo. Mnyama yule anakufa njaa huku nyumba nzima ikiamini ananenepa, na watu wakizidi kumjazia chakula. Ukikuta hali hiyo usimwongezee pumba wala usinunue dawa kwa kubahatisha. Kusanya kinyesi kibichi kwenye mfuko safi wa plastiki, umpelekee daktari wa mifugo pamoja na sungura mwenyewe.

Jike mwenye tumbo huenda ana mimba, ambayo hukaa siku 31 hivi. Tumbo lililofura ghafla na kuwa gumu, tena sungura amegoma kula, ni dharura. Usisubiri kesho. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama anaweza kufa upesi.

Unene, na pumba zetu za mahindi

Wengi hawaamini kwamba sungura mnene anateseka. Usiku, na nyakati nyingine za kupumzika, sungura hutoa kinyesi laini ambacho hukila moja kwa moja kutoka nyuma, na humo ndimo anapopata vitamini na protini alizotengenezewa na utumbo wake. Mnene hafiki huko nyuma. Kinyesi kinagandia kwenye manyoya, nzi wanataga, na ndani ya muda mfupi wakati wa mvua unakuta funza wanaitafuna ngozi. Uzito huohuo humkandamiza nyayo za nyuma hadi zinatoka vidonda. Na joto la Oktoba la hapa Tabora ni adui mwingine, kwa sababu sungura hatoki jasho kama sisi, hutegemea zaidi masikio kupoza mwili, na mafuta yanamfungia joto ndani.

Unene huo wanaupata wapi? Pumba za mahindi asubuhi na jioni. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, wanayopewa na watoto kwa upendo. Ugali uliobaki, mkate, ndizi, na maembe msimu ukifika. Karoti pia, ingawa katuni zinaonyesha vingine, ni utamu wa kuonja na siyo chakula. Halafu huyo mnyama anashinda kwenye kibanda ambacho hata kuruka mara tatu hawezi.

Ukigundua amenenepa, usimnyime chakula. Tunasisitiza kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo watu hufanya. Utumbo wa sungura unataka kufanya kazi muda wote, na mnene akikaa bila kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini na kuliharibu. Punguza pumba polepole kwa wiki mbili au tatu huku ukimjazia nyasi. Nyasi, mbichi na kavu, ziwe sehemu kubwa kabisa ya mlo wake, kama sehemu nne kati ya tano. Ukitumia pelleti, yaani chakula cha kiwandani cha punje zilizoshindiliwa, gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinamtosha mkubwa. Mfungulie uani akimbie jioni, mbwa wakiwa wamefungwa. Apungue asilimia 1 hadi 2 tu kwa wiki: kwa wa kilo 3 hiyo ni gramu 30 hadi 60, kwa hiyo utahitaji mizani inayosoma gramu.

Taabu yetu ni kiangazi. Kuanzia Juni majani yanakauka, na hapo ndipo kila mtu anakimbilia pumba. Kata ukoka mwezi wa nne mvua zikielekea mwisho, ukiwa bado na majani mengi, ukaushe vizuri na kuuhifadhi juu ya chanja pasipoingia unyevu. Ukishika ukungu, utupe. Nyasi kavu tunauza pia, lakini mwenye eneo na panga hana haja ya kuzinunua kwetu.

Aliyekonda

Kwa sungura mkubwa, anzia mdomoni. Meno ya sungura huota maisha yote, na asipotafuna nyasi za kutosha magego hurefuka na kumchoma ulimi na mashavu. Dalili ni kidevu kulowa mate, na kuokota chakula kisha kukiangusha. Meno yasipokuwa na tatizo, chunguza maji, maana asiyekunywa hawezi kula vizuri. Pia chungulia kibanda wakati wa kula: wakikaa wawili, mbabe huenda anamaliza kila kitu.

Ukishamjua kwa mkono, ndipo mizani inakuwa na maana. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ileile, akiwa ndani ya beseni ambalo uzito wake umeutoa, uandike. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake bila wewe kukusudia, mwone daktari.

Kupima na kupapasa hapa dukani ni bure, na tunakuandikia kadi ya kwenda nayo nyumbani. Mlete asubuhi kabla ya jua kali, kwenye kapu au boksi lenye matundu na nyasi kidogo ndani, hasa kama unakuja kwa bodaboda. Meno na matibabu si kazi yetu, kwa hayo tunakuelekeza kwa daktari wa mifugo. Njoo pia na orodha ya kila alichokula siku mbili zilizopita, pamoja na vile ambavyo watoto humpa kwa siri.