Barua kwa mwanangu aliye Tabora: unapoombwa

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Biashara inakwenda, ingawa migebuka imepanda bei na wateja wananuna. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Unauliza ufanye nini na watu wanaokuomba kila asubuhi ukielekea kazini, maana wenzako wanakuambia ukiwapa unawalea, na mmoja amekutisha kwamba ni kosa kisheria. Mimi ni mama lishe, kuombwa nakujua vizuri. Harufu ya maharage yanapoiva humfikia mwenye hela na asiye na hela kwa pamoja.

Neno langu kubwa nalitanguliza, usije ukachoka kabla hujalifikia. Aliyekuomba usimweke kizimbani. Kazi yako ni kujua una kiasi gani cha kutoa siku hiyo. Kama anastahili au hastahili, kama amejitakia au ameonewa, hayo huwezi kuyajua ukiwa umesimama barabarani unawahi daladala, na kumhoji mtu mwenye njaa ili uridhike kwamba njaa yake ni ya kweli ni kumwongezea aibu juu ya njaa.

Na kabla ya chochote, msalimie. Mzee anayeomba ni mzee bado, mpe shikamoo yake. Nawaona vijana hapa sokoni wanamdondoshea mzee sarafu bila hata kumtazama. Mzee huyohuyo wangemkuta amekaa barazani kwake Kasulu wangepiga goti. Ukiwa huna kitu, mtazame umwambie, "Samahani baba, leo sina." Atakuitikia. Wengi wao wamezoea kupitwa kama hawapo, na huo mchango wa kumtambua mtu haujawahi kumpunguzia yeyote mshahara.

Sasa chakula, maana ndiyo kazi yangu. Anayekuja kwangu kuomba chakula nampakulia kwenye sahani ileile anayolia mteja: ugali wa muhogo wa moto, maharage ya mawese au dagaa, na maji ya kunawa namletea kwanza. Chakula kilichobaki kwenye sufuria nampa, nasi nyumbani ndicho tunachokula. Ila kilichobaki kwenye sahani ya mtu, kilichokwisha kuchovywa na mkono wa mwingine, hicho simpi binadamu. Kuna mteja kijana aliwahi kunung'unika kwamba sahani anayolia yeye isipewe mtu wa barabarani. Nikamjibu kwamba sahani zote zinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, na kama hazimtoshi usafi baada ya yule mzee, basi hazikuwa zikimtosha hata kabla yake. Alisusa kwa muda, kisha akarudi, na hatukulizungumza tena.

Muulize mtu anakula nini. Watu hawaulizi, wanadhani mwenye njaa hana haki ya kuchagua. Mzee asiye na meno ukimpa mhindi wa kuchoma umempa kuni. Mwenye kisukari ukimnunulia soda na maandazi umemwongezea ugonjwa. Mwezi wa Ramadhani usimpelekee Mwislamu sahani saa sita mchana ukadhani umemfadhili, mwekee ya futari. Aliyekaa na njaa kwa siku nyingi anza naye na uji, tena mwepesi, tumbo lililokaa tupu haliwezi ugali mkubwa. Na jambo ambalo watu wema hulisahau: kilo ya unga mbichi kwa mtu anayelala barazani pa duka ni mzigo. Hana sufuria, hana mkaa, hana pa kuuhifadhi, na usiku atanyang'anywa. Mpe kilichoiva, au mpe hela.

Najua hapo kwenye hela ndipo wenzako watakapopinga. Wanasema toa chakula, usitoe hela. Nia yao naielewa, lakini siafikiani nao. Mfikirie mama anayelala stendi. Choo cha stendi kinalipiwa. Kuoga kunalipiwa. Akiingia mwezini anahitaji pedi. Mtoto akipata homa anahitaji dawa, na akitaka kumpigia ndugu yake anahitaji vocha. Sahani yangu ya ugali hailipi hata kimoja kati ya hivyo. Anayeng'ang'ania kutoa chakula tu anamwona maskini kama tumbo linalotembea, wakati yule mama ana siku nzima ya kuipitisha kama mimi na wewe.

Atanunua gongo? Wapo watakaonunua. Ukimsikia mtu ananuka pombe mnunulie chapati na chai, uende zako. Lakini kosa la mlevi usimlipishe mama wa stendi.

Nakushauri hivi. Siku ya mshahara, baada ya kodi ya chumba na kabla ya mengine, tenga fungu lako. Kama ni elfu kumi, ivunje yote iwe sarafu za mia tano, uziweke mfuko wa pembeni wa mkoba ili usifungue pochi mbele za watu. Zikiisha, zimeisha mpaka mwezi mwingine, na wala usilale ukijilaumu. Ukishatoa, imetoka: usimfuate mtu kwa macho uone anaingia duka gani. Usiku ukiwa peke yako usisimame, hata kama anayeomba anatia huruma. Pita, utatoa kesho mchana.

Wewe upo Tabora, mahali ambapo reli inagawanyika, moja ya Mwanza, moja ya kuja huku kwetu. Kwa hiyo utakutana sana na wanaosema wameibiwa au wameishiwa nauli. Nauli ni hela nyingi, siyo ya sarafu. Ukiwa na uwezo na muda, mwambie twende dirishani nikukatie tiketi. Anayetaka kusafiri atafurahi, na mwenye shida nyingine atakuaga mwenyewe bila wewe kumwita mwongo. Ukiwa huna uwezo, mpe ya chai. Nauli yake atachangiwa na wengine pia.

Wenzako wanasema watu hawa ni wavivu. Mwaka 2015 ulikuwa bado shule ya msingi, sijui unakumbuka kiasi gani. Mwezi wa Mei Warundi walikuwa wanakimbia machafuko kwao, makumi ya maelfu wakakwama Kagunga, kile kijiji kidogo kando ya ziwa karibu na mpaka, mlima nyuma yao na maji mbele yao. Kipindupindu kikaingia. Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo mababu zetu wameipanda, ikawa inawabeba kuwaleta hapa mjini, wakawekwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Walikuwamo walimu, walikuwamo wenye maduka, walikuwamo wanawake waliozoea kuwa na watu wa kuwapikia. Wiki chache nyuma walikuwa wao ndio wanaoombwa. Niliwaona wamesimama foleni ya uji, na tangu hapo mtu akiniambia kwamba kuna aina ya watu ambao ni ombaomba, namkatalia. Kuna watu, na kuna siku inayomfikisha mtu hapo. Wengine hiyo siku inawajia kwa vita, wengine kwa ajali ya pikipiki, wengine mume akifa na shemeji wakichukua shamba.

Hilo la sheria nimemuuliza mjomba wako, unajua alivyozeekea mahakamani. Anasema Kanuni ya Adhabu, ambayo ilianza kutumika 1945 enzi za Mwingereza, kifungu chake cha 176 kinamhesabu mtu anayeomba hadharani kuwa mzururaji, pamoja na anayemtuma mtoto kuomba. Anayetoa hakutajwa humo. Akaniongezea jambo ambalo sikulijua: Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyo iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Mweleze mwenzako. Kumkamata mtu kwa sababu hana pa kulala hakujawahi kumpatia mtu pa kulala.

Utaambiwa pia kwamba TASAF ipo, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ipo kweli, na hapa mtaani kwetu nawajua bibi waliosomeshea wajukuu kwa ruzuku ile. Lakini majina yanapendekezwa kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, na kinachoandikwa ni kaya. Anayelala nje ya stesheni ni wa kaya gani? Nani atasimama mkutanoni amtaje? Ndiyo maana nakuomba usiishie kwenye sarafu. Ukimwona mzee yuleyule kila siku, asiye na mtu, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa ukatoe taarifa. Hapo Tabora kuna makazi ya wazee ya serikali, Ipuli, kama yalivyo ya kwetu hapa Kibirizi. Kuingia huko kunapitia kwa maofisa hao, na mzee hawezi kufika kwao peke yake kama hajui kusoma bango. Lakini umuulize yeye kwanza kama anataka kwenda. Wapo wanaokataa kwa sababu zao, na sababu ya mtu mzima iheshimu.

Watoto ni habari nyingine, na hapa nakuwa mkali. Mtoto usimpe hela. Hela anayopewa mtoto mara nyingi inaishia mkononi mwa aliyemtuma, na akirudi na nyingi leo, kesho atatumwa tena badala ya kwenda shule. Mkalishe, mnunulie chakula, ale ukimwona mpaka amalize. Mwulize anaitwa nani, anaishi na nani, analala wapi, taratibu, siyo kama polisi. Ukisikia anapigwa, au hana kwao, piga 116. Ni simu ya kusaidia watoto, haikatwi hela. Ada ya shule ya msingi hailipwi, lakini sare, daftari na viatu hununuliwa, na nimeshaona mtoto anakaa mtaani kwa sababu ya jozi moja ya viatu. Kitu kama hicho mkichangishana ofisini kinamalizika kwa siku moja, tena hao wenzako wanaokataa kutoa barabarani watakuwa wa kwanza kuchangia, utaona.

Usipige picha. Nasema hili kwa uchungu, maana nawaona siku hizi watu wanampa mlemavu kilo ya sukari huku mwenzao ameshika simu, halafu sura ya yule mtu inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, wanawe wanaiona, wakwe wanaiona. Sukari itaisha wiki hii. Picha haitaisha.

Kisha wapo wasioomba kabisa, na hao mimi ndio wananikosesha raha. Nenda siku moja hospitali ya Kitete saa za kuona wagonjwa, kama mimi ninavyokwenda ya hapa kwetu, Maweni. Mgonjwa ametoka kijijini mbali, ameletwa na dada yake. Walibeba hela ya kwenda na kurudi, wakidhani watalala usiku mmoja. Mgonjwa akalazwa. Huyo dada utamkuta amekaa chini ya mti, khanga safi, mkao wa heshima, na tangu jana hajatia kitu mdomoni kwa sababu kila anachopata anampelekea mgonjwa. Hatakuomba. Ukimpa hela ghafla ataona umemdharau. Mimi huwa nakwenda na hotpoti mbili, nakaa karibu, naanza na salamu na hali ya mgonjwa, halafu nasema, "Dada, nimepika kingi, nisaidie tule." Tunakula wote. Sijawahi kukataliwa hivyo. Kuna mmoja wa Buhigwe ambaye baadaye alinitumia mkungu wa ndizi kwa basi, na niliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu naye alitaka kutoa.

Baba yako anasema barua imekuwa ndefu na gari la mizigo linaondoka. Nimekutumia dagaa kwenye ndoo ndogo ya njano. Waliofungwa kwenye karatasi ni wakavu, hao ni wako. Walio juu nimewakaanga kwa chumvi na limau mpaka wamekauka vizuri, hao wanakaa wiki nzima na hawahitaji moto, kwa hiyo gawa kwenye vifuko vidogo na uwape wasio na jiko. Ndoo usiitupe, nirudishie.

Mama yako