Kichurachura si mazoezi

Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 14 sasa na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari ya Jumatano, ya mwalimu wa timu ya chuo anayesifiwa kwa "mazoezi ya kikomandoo" mpaka wachezaji wanatapika, nimeshindwa kuinyamazia.

Binti yangu alikuwa mwaka wa pili, anacheza netiboli. Januari mwaka juzi walirudi kutoka likizo, wiki nne hawajagusa mpira. Siku ya kwanza tu wawili wakachelewa, timu nzima ikaamriwa kuzunguka uwanja kwa kichurachura, saa nane mchana, jua la Dar. Aliyeomba maji aliongezewa mzunguko. Kesho yake hakuweza kushuka ngazi za bweni. Mapaja yamevimba, magumu kama ubao, na mkojo unatoka rangi ya soda ya kola. Zahanati ya chuo ikampa vidonge vya maumivu, diklofenaki, akaambiwa ni uchovu, atazoea. Hospitalini ndipo daktari akatueleza kwamba misuli imevunjika, mabaki yake yameingia kwenye damu na yanaziba figo, na vile vidonge vimeziumiza figo zaidi. Siku tisa za dripu! Siku tisa nimekaa kwenye benchi naangalia mfuko wa mkojo unabadilika rangi, na chuoni hakuna aliyepiga simu hata kutoa pole.

Asiniambie mtu kwamba watoto wa siku hizi ni legelege. Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, Januari 2011, wachezaji 13 wa futiboli ya Kimarekani walilazwa kwa ugonjwa huohuo. Nao walikuwa wametoka likizo, wakabebeshwa chuma na kuchuchumaa mara 100. Chuo Kikuu cha Maryland, hukohuko Marekani, mwaka 2018, mchezaji Jordan McNair wa miaka 19 alizidiwa na joto katika mbio za mazoezi, hakutumbukizwa kwenye maji baridi, akafa. Wenzetu hao wana madaktari wa timu.

Sisi tunalipa ada, mchango wa michezo na wa matibabu, lakini uwanjani hakuna hata sanduku la huduma ya kwanza. Kadi ya bima ya binti yangu ilitoka mwezi wa tano.

Naomba kila uwanja wa chuo uwe na pipa la kumtumbukiza aliyezidiwa na joto, la lita 200, lenye maji na mabonge ya barafu, ileile wanayohifadhia samaki Feri, kabla filimbi haijapulizwa. Wiki ya kwanza baada ya likizo wakimbie taratibu. Na asubuhi inayofuata mwalimu amuulize kila mchezaji mkojo wake una rangi gani. Wangu hakuulizwa na yeyote. Aliniambia mimi kwa simu, usiku, akinong'ona wenzake wa chumbani wasisikie.

Mzazi,
Mbagala, Dar es Salaam